Mateka wa "Ulinzi": Uhakiki wa Masimulizi ya Maisha na Kifo cha Mohamed Husen

Ikisiri

Makala hii inahakiki kazi tatu zinazosimulia, kwa utafiti au kwa ubunifu, maisha ya Mohamed Husen, mzaliwa wa Dar es Salaam aliyekuwa askari mtoto katika Vita Kuu ya Kwanza. Husen alitekwa na Waingereza mwaka 1917, akafundisha Kiswahili Berlin, na akafa katika kambi ya mateso ya Sachsenhausen tarehe 24 Novemba 1944. Kazi zinazohakikiwa ni wasifu ulioandikwa na Marianne Bechhaus-Gerst (2007), filamu ya hali halisi ya Eva Knopf (2013) na riwaya ya Abdulrazak Gurnah (2020). Hoja kuu ni kwamba mjadala kuhusu Husen umetawaliwa na swali la uaminifu wake kwa Ujerumani, ilhali matendo yake yanasomeka vizuri zaidi kama madai ya mtu anayedai anachostahili. Makala inaonyesha jinsi msamiati wa Kijerumani wa "ulinzi" ulivyolifunika deni hilo, kisha inawahoji wataalamu wa Kiswahili wenyewe, ambao hadi sasa hawajamweka mwalimu huyu katika historia ya taaluma yao.

1.0 Utangulizi

Nchini Uganda, mwalimu wa Kiswahili hachelewi kukutana na neno askari. Wanafunzi wengi huja darasani wakiwa wamekwisha kusikia nyumbani kwamba Kiswahili ni lugha ya kambi na ya vizuizi vya barabarani, lugha ya kuamrisha na kuogofya. Sifa hiyo haikuzuka hewani. Jeshi la kikoloni la King's African Rifles na majeshi yaliyolirithi yalitumia Kiswahili, na kumbukumbu za miaka ya 1970 bado ni mbichi katika familia nyingi. Baada ya Baraza la Mawaziri la Uganda kuidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2022, uhusiano wa lugha hii na askari hauwezi tena kuachiwa minong'ono. Unahitaji kuchunguzwa kitaaluma.

Mohamed Husen anafaa kwa uchunguzi huo kwa sababu alikuwa vyote viwili: askari wa jeshi la kikoloni na mwalimu wa Kiswahili. Tena alikuwa mtoto wa askari wa Kisudani, kundi ambalo historia yake inaugusa moja kwa moja ukanda wetu. Askari wenye asili ya Sudan walipelekwa upande wa Wajerumani katika pwani ya Tanganyika na upande wa Waingereza nchini Uganda na Kenya, ambako wazao wao wanajulikana leo kwa jina la Wanubi. Kwa hiyo, ingawa kisa hiki kinaishia karibu na Berlin, mizizi yake imo humu kwetu.

Uhakiki huu unaziuliza kazi tatu maswali matatu: nani anazungumza, kwa msamiati wa nani, na nani ameachwa nje ya simulizi. Kabla ya kuzihakiki, ni lazima kuyaeleza maisha yenyewe kwa ufupi.

2.0 Maisha kwa Ufupi

Husen alizaliwa Dar es Salaam tarehe 22 Februari 1904. Nyaraka humtaja kwa majina zaidi ya moja, yakiwemo Mahjub bin Adam Mohamed na Bayume Mohamed Husen. Jina Mahjub limetokana na mzizi uleule wa Kiarabu uliotupa neno hijabu, nalo maana yake ni aliyesitiriwa au aliyefichwa.

Alijifunza Kijerumani akiwa mdogo. Vita vilipoanza mwezi Agosti 1914 alikuwa na umri wa miaka 10, na yeye pamoja na baba yake waliingia katika jeshi la kikoloni la Wajerumani, yeye akiwa mwanafunzi wa kupeleka ishara za kijeshi. Mwezi Oktoba 1917 alijeruhiwa katika mapigano ya Mahiwa, eneo la Lindi, na kutekwa na Waingereza. Alikuwa na umri wa miaka 13.

Baada ya vita alifanya kazi za uhudumu katika meli za abiria. Mwaka 1929 alifika Berlin na kuwasilisha dai katika Wizara ya Mambo ya Nje: malimbikizo ya mishahara ya kijeshi, yake na ya baba yake. Alijibiwa kwamba amechelewa. Akabaki mjini humo na kuwa mhudumu wa baa. Tarehe 27 Januari 1933, siku tatu kabla ya Hitler kuwa kansela, alifunga ndoa na mwanamke Mjerumani mwenye asili ya Bohemia, wakajaliwa watoto. Katika miaka hiyo ya 1930 alifundisha Kiswahili katika taasisi ya lugha ya Chuo Kikuu cha Berlin kwa ujira mdogo, na alionekana katika filamu zaidi ya 20, nyingi zikiwa katika nafasi ndogo za mtumishi, mlinda mlango au askari.

Mwaka 1934 aliomba nishani waliyopewa wapiganaji wa Vita Kuu ya Kwanza. Alikataliwa. Vita vya pili vilipoanza mwaka 1939 aliomba kujiunga na jeshi, akakataliwa tena. Mwaka 1941, baada ya kushiriki katika filamu ya Carl Peters, alishtakiwa kwa polisi wa siri, Gestapo, kwamba ana uhusiano na mwanamke mweupe. Hakufikishwa mahakamani. Alipelekwa Sachsenhausen, kambi iliyojengwa mwaka 1936 huko Oranienburg, kaskazini ya Berlin, na humo akafa baada ya miaka mitatu.

3.0 Wasifu wa 2007: Mizani ya Uaminifu

Kila anayeandika kuhusu Husen, makala hii ikiwemo, anadaiwa shukrani na Bechhaus-Gerst. Wasifu wake ndio uliomtoa Husen katika tanbihi za historia ya Ujerumani na kumfanya mtu mwenye tarehe, anwani na familia. Mwaka huohuo wa 2007 jiwe dogo la kumbukumbu liliwekwa mbele ya nyumba aliyoishi Berlin, katika mtaa wa Brunnenstraße. Bila kazi hiyo ya subira katika nyaraka, kazi nyingine mbili zinazohakikiwa hapa zisingekuwa na uzito zilio nao.

Hata hivyo, jina la kitabu lenyewe linahitaji kujadiliwa. Treu bis in den Tod, yaani Mwaminifu hadi Kifo, ni jina lenye kejeli iliyokusudiwa. Baada ya kushindwa vitani, wapenda ukoloni wa Kijerumani walieneza hekaya ya askari mwaminifu: Mwafrika aliyempenda bwana wake kiasi cha kupigana bila kuhoji. Hekaya hiyo ilikuwa na kazi ya kisiasa. Kama askari walikuwa waaminifu, basi utawala ulikuwa mwema, na kama utawala ulikuwa mwema, makoloni yangepaswa kurudishwa. Mwandishi analigeuza neno hilo dhidi ya waliolitumia, kwa kuonyesha uaminifu huo ulilipwa nini.

Ni kejeli kali, lakini inaacha mizani ileile mezani. Msomaji anaendelea kumpima Husen kwa uaminifu wake: alikuwa mwaminifu kupita kiasi, au alidanganywa, au alijifanya. Mtoto wa miaka 10 anayemfuata baba yake kambini hawezi kupimwa kwa neno hilo. Katika msamiati wa leo yeye ni askari mtoto, na Uganda, nchi iliyoshuhudia watoto wakiingizwa vitani katika miongo ya karibuni, inajua kwamba swali la kwanza kuhusu mtoto wa namna hiyo ni nani aliyempa kazi ile na kwa haki gani.

Tuyasome matendo ya mtu mzima kwa mfuatano wake. Mwaka 1929 anadai mshahara. Mwaka 1934 anadai nishani. Mwaka 1939 anaomba nafasi katika jeshi, nafasi ambayo ingemthibitisha kuwa raia kamili machoni pa dola. Haya ni madai matatu yaliyopelekwa kwa mlango uleule kwa kipindi cha miaka 10. Mtumishi mwaminifu wa hekaya ya kikoloni hadai, hungoja kukumbukwa. Husen alirudi mara kwa mara, na aliponyimwa nishani alijinunulia mwenyewe na kuivaa. Kitendo hicho mara nyingi husomwa kama dalili ya mapenzi kwa Ujerumani. Katika Kiswahili cha kawaida kinaweza kusomwa vingine: aliyenyimwa haki yake ameichukua.

Udhaifu mwingine unatokana na nyaraka zenyewe, wala haupaswi kumwangukia mwandishi. Sehemu kubwa ya kinachojulikana kuhusu Husen kimehifadhiwa na ofisi zilizomkatalia. Ofisi hizo huandika dai na jibu, haziandiki mazungumzo ya nyumbani. Kwa hiyo tunamwona akiwa amesimama mbele ya meza ya mtu mwingine karibu kila mara. Wasifu unajitahidi kumzunguka na kumwona kutoka upande mwingine, lakini lugha ya nyaraka inabaki kuwa ya Kijerumani na ya kiofisi.

4.0 Filamu ya 2013: Mtu wa Pembeni

Eva Knopf alichagua ushahidi wa aina nyingine. Katika Majubs Reise, yaani Safari ya Majub, anatumia vipande vya filamu za zamani ambamo Husen alionekana, na kumwalika mtazamaji amwangalie yule aliyesimama nyuma badala ya nyota aliye mbele. Njia hii ina nguvu. Katika Zu neuen Ufern ya mwaka 1937, kwa mfano, watazamaji wa wakati huo walikuja kumwona Zarah Leander, naye Husen alikuwa sehemu ya mapambo ya mandhari. Kumhamisha kutoka pembeni hadi katikati ni kitendo cha uhakiki kwa njia ya picha.

Filamu hii inafunua pia mkanganyiko ambao maandishi peke yake hayaufikishi. Dola iliyotaka kumwondoa mtu mweusi mitaani ilimhitaji katika studio. Ujerumani haikuwa tena na makoloni, kwa hiyo Afrika ilibidi ijengwe kwa mbao na rangi, na mtu kama Husen ndiye aliyeifanya iaminike. Mwaka 1934 aliigiza katika Die Reiter von Deutsch-Ostafrika, filamu kuhusu vita vilevile alivyojeruhiwa. Mwaka 1941 alikuwa Ramasan, msaidizi mwenyeji wa Carl Peters, mtu ambaye wenyeji wa Afrika Mashariki walimkumbuka kwa jina la Mkono wa Damu. Mtoto wa Dar es Salaam alilipwa kumtumikia Peters mbele ya kamera, na mwaka huohuo akakamatwa.

Tatizo la filamu liko katika sauti. Maneno anayoyasema Husen yaliandikwa na wengine, na maelezo yanayomzunguka ni ya Kijerumani. Tunaletewa mwili wake, mwendo wake na uso wake, lakini kile alichokijua kuliko wote studioni, yaani Kiswahili, hakipati nafasi ya kufikiri. Mtazamaji Mswahili anaweza kugundua jambo ambalo mtazamaji wa Ulaya hana sababu ya kulitafuta: mtu huyu wa pembeni alikuwa mwalimu. Jioni moja anabeba sinia kwenye baa, kesho anavaa sare studioni, keshokutwa yuko darasani akieleza upatanisho wa ngeli. Filamu inalitaja hili kama mojawapo ya kazi zake nyingi. Kwa taaluma yetu ndiyo kazi inayopaswa kuwa kiini.

5.0 Riwaya ya 2020: Wanaosubiri

Afterlives ya Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyetunukiwa Tuzo ya Nobeli ya Fasihi mwaka 2021, haimtaji Husen. Lakini msomaji anayeyajua maisha yake hawezi kukosa kuuona ulinganifu. Mhusika Ilyas, aliyelelewa katika shule ya Wajerumani, anajiunga na jeshi lao kwa hiari yake, anapotea baada ya vita, na mwishoni inabainika kwamba aliishi Ujerumani, akashiriki katika harakati za kudai makoloni yarudishwe, akakamatwa kwa sababu ya uhusiano na mwanamke Mjerumani, na akafia Sachsenhausen.

Gurnah anafanya jambo ambalo wasifu na filamu haviwezi. Kwa sehemu kubwa ya riwaya Ilyas hayupo. Tunaishi na dada yake Afiya katika mji wa pwani, mwanamke anayesubiri habari za kaka yake miaka nenda miaka rudi, na habari haziji. Mwanawe Afiya, aliyepewa jina la mjomba wake, ndiye anayefika Ujerumani katika miaka ya 1960 na kuupata ukweli katika karatasi za ofisi. Kwa njia hiyo riwaya inahamisha kitovu cha kisa. Kifo cha Sachsenhausen kinakuwa pia jambo la nyumba iliyobaki Afrika Mashariki na uchungu usiokuwa na maziko.

Hapa ubunifu unajaza pengo la nyaraka. Ofisi za Berlin hazikuwa na sababu ya kuandika nani alimngoja Husen Dar es Salaam. Riwaya inatukumbusha kwamba askari aliyekufa mbali huacha jamaa wasiojua kama wasome hitima au waendelee kungoja.

Hata hivyo, riwaya nayo ina uteuzi wake. Ilyas wa Gurnah anajiunga na jeshi akiwa kijana mtu mzima, kwa kupenda, na karibu kwa imani. Ujitoleaji huo ndio fumbo linaloisumbua familia yake na linalompa msomaji swali la kujiuliza hadi mwisho. Husen wa nyaraka alikuwa mtoto. Tofauti hiyo ni haki ya mtunzi, lakini mhakiki lazima aiseme, kwa sababu katika mijadala ya hadhara Ilyas na Husen wameanza kuchanganywa, na uchaguzi wa mmoja unabebeshwa utoto wa mwingine. Tena Ilyas anakwenda Ujerumani kwa mvuto, na Husen alikwenda na hesabu ya mishahara. Mvuto unaweza kuitwa kosa la moyo. Deni haliwezi kuitwa hivyo.

6.0 Msamiati wa Ulinzi

Ikiwa uaminifu si mizani inayofaa, tutumie ipi? Jibu linapatikana katika lugha ya dola yenyewe. Neno la Kijerumani Schutz lina maana ya ulinzi au hifadhi, nalo liliyafuata maisha ya Husen tangu kuzaliwa hadi kufa.

Koloni alimozaliwa liliitwa rasmi Schutzgebiet, eneo la ulinzi. Jeshi alilotumikia liliitwa Schutztruppe, jeshi la ulinzi. Watu kutoka makoloni waliokuwa wakiishi Ujerumani hawakuhesabiwa kuwa raia kamili. Walikuwa watu walio chini ya ulinzi wa dola. Utaratibu ambao Gestapo waliutumia kuwapeleka watu kambini bila hukumu ya mahakama uliitwa Schutzhaft, kifungo cha ulinzi. Na walinzi wa Sachsenhausen walikuwa SS, kifupi cha Schutzstaffel, kikosi cha ulinzi.

Mfuatano huu unaonyesha mantiki moja ya kisheria. Raia ana haki anazoweza kuzidai, na aliye chini ya ulinzi hupewa hisani inayoweza kuondolewa. Husen alipodai mshahara, alikuwa akizungumza lugha ya mkataba: nimefanya kazi, sijalipwa. Ofisi ilimjibu kwa lugha ya hisani: muda wa kutoa umepita. Pande mbili zilikuwa zikitumia sarufi mbili, na hapo ndipo kiini cha kisa hiki kilipo.

Kiswahili kinatusaidia kuliona jambo hili, kwa kuwa msamiati wetu unazitofautisha hali ambazo ofisi ya Berlin ilizichanganya. Mwaka 1917 Husen alikuwa mateka. Mateka ni mtu wa upande wa pili katika vita: ana jeshi lake, ana cheo chake, na vita vikiisha huachiwa. Kanuni za kimataifa za Den Haag za mwaka 1907 zilimtambua, na Mkataba wa Geneva wa mwaka 1929 ulizipanua haki zake. Mwaka 1941 Husen hakuwa mateka, kwani hakuwa na jeshi. Hakuwa mfungwa kwa maana ya mtu aliyehukumiwa, kwani hapakuwa na hukumu. Hakuwa mahabusu, kwani hapakuwa na kesi iliyokuwa ikingojwa. Neno letu lililo karibu zaidi ni kizuizini. Kwa hiyo aliyekuwa adui yake mwaka 1917 alimpa hadhi ya kisheria ambayo dola aliyoitumikia ilimnyima.

Neno kizuizini halipaswi kutupa faraja. Nchi zetu nazo, baada ya uhuru, zilitunga sheria za kuwaweka watu kizuizini bila kuwafikisha mahakamani, Tanganyika ikifanya hivyo mwaka 1962. Mshauri wa sera anayesoma kisa cha Husen ana wajibu wa kuisikia lugha ya ulinzi na usalama pale inapotumiwa na serikali za leo pia, na kuuliza ni haki gani inayofunikwa.

Kuna suala la tafsiri. Vitabu vyetu vya historia mara nyingi huliita Schutztruppe "jeshi la Wajerumani". Tafsiri hiyo inaeleweka, lakini inaficha namna ukoloni ulivyojiita. Kuliita "jeshi la ulinzi" bila maelezo ni kuirudia tafsida ya mkoloni. Tunapendekeza istilahi ya asili itajwe, ifasiriwe neno kwa neno, kisha ihojiwe. Jeshi hilo ndilo lililovunja upinzani wa Majimaji wa 1905 hadi 1907, ambapo makadirio ya vifo hufikia 300,000. Wengi wa waliobeba bunduki zake walikuwa Waafrika.

7.0 Mwalimu Asiyetajwa

Ukweli huo wa mwisho unatuzuia kumfanya Husen shujaa msafi. Alitumikia jeshi lililoua watu wa nchi yake ya kuzaliwa. Alivaa sare yake hadharani miaka mingi baadaye, katika maonyesho ya kuchochea madai ya makoloni. Miongoni mwa wanafunzi aliowafundisha Kiswahili walikuwamo maofisa na polisi waliotarajia kuja kututawala iwapo makoloni yangerudishwa. Kisa chake kina deni analodai na deni analodaiwa, na uhakiki wa haki hauna budi kuyaandika yote mawili.

Lakini ugumu huo hauelezi kwa nini yeye hayumo katika historia ya taaluma yetu. Wanafunzi wetu hufundishwa majina ya Büttner, Velten, Meinhof na Westermann. Wachache huongezewa jina la Mtoro bin Mwinyi Bakari, aliyefundisha Berlin tangu mwaka 1900 na ambaye maandishi yake kuhusu desturi za Waswahili yalichapishwa na Velten mwaka 1903. Mtoro naye alioa mwanamke Mjerumani, na mwaka 1905 alizuiwa kushuka naye Dar es Salaam. Alifia Berlin mwaka 1927, miaka miwili kabla ya Husen kufika. Walimu hawa wawili wanaunda mnyororo: taaluma ya Kiswahili ya Ulaya ilijengwa juu ya ndimi za watu ambao mishahara yao ilikuwa midogo, vyeo vyao vilikuwa vya usaidizi, na ndoa zao ziligeuzwa kuwa kosa.

Wakati Husen akifundisha Berlin, huku kwetu Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, iliyoundwa mwaka 1930, ilikuwa ikisanifisha Kiswahili kwa ajili ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar kwa kuegemea lahaja ya Kiunguja. Historia ya usanifishaji imeandikwa sana. Historia ya wazawa waliokuwa wakiifundisha lugha hiyo ng'ambo katika miaka hiyohiyo haijaandikwa vya kutosha, nasi wenyewe ndio tulioiacha. Wasifu umeandikwa na mtafiti Mjerumani, filamu imetengenezwa na Mjerumani, na riwaya imeandikwa kwa Kiingereza. Katika kazi zote tatu, mwalimu wa Kiswahili anasimuliwa kwa lugha nyingine.

Kwa mwanafunzi wa Kampala aliyesikia kwamba Kiswahili ni lugha ya askari, kisa cha Husen hakifuti sifa hiyo. Kinaipa historia. Kinaonyesha kwamba askari mwenyewe alikuwa mtoto wa mtu, kwamba aliajiriwa na kudhulumiwa mshahara, na kwamba lugha aliyoamriwa kwayo ndiyo iliyokuja kuwa riziki yake.

8.0 Hitimisho na Mapendekezo

Kazi tatu zilizohakikiwa zimefanya kila moja sehemu yake. Wasifu umetupa mtu na tarehe zake, filamu imetupa uso wake, na riwaya imetupa wale waliobaki wakisubiri. Kinachokosekana ni usomaji unaoanza na alichokitaka yeye mwenyewe, nacho kimo katika nyaraka wazi kabisa: malipo na kutambuliwa.

Mapendekezo matatu yanafuata. Kwanza, wasifu wa Bechhaus-Gerst utafsiriwe kwa Kiswahili, kwa maelezo ya istilahi kama yaliyojadiliwa katika sehemu ya sita. Pili, mitaala ya historia ya Kiswahili katika vyuo vya ukanda huu iwataje wasaidizi wa lugha wa Berlin, Mtoro na Husen wakiwamo, kama watendaji wa taaluma na si kama watoa taarifa tu. Tatu, mazungumzo kuhusu fidia yapanuliwe. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, aliomba msamaha mjini Songea kwa ukatili wa vita vya Majimaji. Tangu hapo mjadala umeelekezwa zaidi kwenye mabaki ya wahanga na vitu vilivyochukuliwa, na hilo ni jambo la haki. Lakini ipo pia hesabu ya kazi isiyolipwa, ya askari na ya wapagazi waliobeba vita hivyo mabegani, katika nchi ambazo leo ni Tanzania, Rwanda na Burundi. Wanahistoria, wanasheria na wanaisimu wanaweza kuikusanya hesabu hiyo pamoja, kwa sababu sehemu kubwa ya ushahidi wake ni suala la maneno: nani aliandikwa kuwa mwajiriwa, na nani aliandikwa kuwa mtu wa kulindwa.

Mwaka 1929 mtu mmoja alivuka bahari kudai mshahara wake na wa baba yake, akaambiwa amechelewa. Watafiti wa Kiswahili wana nafasi ya kulifungua upya faili hilo, na kulisoma kwa lugha aliyoifundisha.